Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ngoma, vitabu na matamasha ya Iringa, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Simu yangu hulia zaidi siku ya Ijumaa. Anayepiga anataka kujua kama kesho kuna ngoma, kama kuna kiingilio, kama gari dogo litafika. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikusanya taarifa za matamasha, usomaji wa mashairi, maonesho na ngoma za ukanda wetu na kuzisambaza kwa WhatsApp kila Jumatano, na maswali ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu niliyonayo. Penye jibu lililokwisha kutolewa nitakuelekeza swali la kusoma, sitalirudia.

## Mambo ya kwanza

Wikiendi hii kuna nini?

Ukurasa huu hauwezi kukujibu hilo, kwa sababu shughuli nyingi za kwetu hubadilika mpaka siku ya mwisho. Ninachoweza ni kukuambia ninapoulizia mimi mwenyewe. Kwanza, ofisi ya utamaduni ya halmashauri husika: afisa utamaduni ndiye anayejua kikundi gani kimeitwa wapi, hata kabla kikundi chenyewe hakijajua nauli itatoka kwa nani. Pili, redio za mikoani, hasa vipindi vya asubuhi na vya jioni. Tatu, Makumbusho ya Boma, Iringa mjini. Nne, matangazo ya kanisani na msikitini, ambayo watu wa mjini huyasahau. Tamasha la kwaya linaweza kujaza watu elfu moja bila bango hata moja barabarani.

Mbona tangazo linatoka siku tatu tu kabla ya shughuli?

Malalamiko haya ni ya haki, na mimi huyapeleka kwa waandaaji kila mara. Sababu ziko. Mwandaaji husubiri kibali, husubiri ukumbi uthibitishwe, husubiri mfadhili aseme ndiyo au hapana, na anaogopa kutangaza jambo litakaloanguka. Tena vikundi vyetu vingi vya ngoma ni wakulima. Mwenyekiti wa kikundi hawezi kukuahidi Jumamosi ya Desemba wakati hajui mvua ya kupandia itadondoka lini.

Ushauri wangu: usisubiri bango. Shika kalenda ya mwaka (ipo hapa chini), kisha piga simu wiki mbili kabla ukiulizia tarehe kamili.

Kiingilio ni kiasi gani?

Maadhimisho ya serikali na ngoma za uwanjani kwa kawaida ni bure. Makumbusho hutoza kiingilio, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Matamasha ya muziki wa kizazi kipya huuza tiketi, na mara nyingi ukinunua mapema unapata nafuu kuliko mlangoni.

Lakini hata penye bure nakuomba uje na noti ndogondogo mfukoni. Sababu iko kwenye swali la kutunza, yaani kumpa mchezaji pesa akicheza.

Mnaposema Nyanda za Juu Kusini mnamaanisha wapi?

Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe ndiyo kiini. Rukwa, Katavi na Ruvuma huhesabiwa au huachwa kulingana na anayehesabu. Mimi Ruvuma sitaiacha, kwa sababu ukizungumzia utamaduni wa ukanda huu bila Songea umekata kipande kikubwa.

## Kalenda ya mwaka

Nije mwezi gani?

Kama una nafasi moja tu kwa mwaka, njoo kati ya Julai na Septemba. Mvua zimekatika tangu Mei, mazao yameingia ghalani, watu wana muda na wana kitu kidogo mfukoni, barabara za vijijini zinapitika. Harusi nyingi, ngoma nyingi na matamasha mengi huangukia humo. Baridi nayo ndipo ilipo, kwa hiyo soma swali la nguo kabla ya kufunga begi.

Mtu anayependa maua kuliko ngoma aje masika, aone uwanda wa Kitulo ulivyochanua.

Ni tarehe zipi zisizobadilika?

Tarehe 27 Februari ni ya Songea. Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Vita vya Majimaji, na kila mwaka watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka. Ngoma zipo, lakini ni siku ya maombolezo. Ukienda, vaa na ukae hivyo.

Tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, inahusu waandishi (angalia swali la muswada). Tarehe 30 Juni, Siku ya Vimondo, watu huelekea Mbozi kwenye kijiji cha Ndolezi, kilipo kimondo. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuanza kuadhimishwa mwaka 2022. Vyuo na shule za kwetu huwa na mashairi, maigizo na midahalo, na mara nyingi mtu wa nje anakaribishwa akiomba tu.

Kisha Nane Nane. Wiki ya kwanza ya Agosti, mpaka tarehe 8, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya hujaa. Watu huyajua kama maonesho ya kilimo, na ndivyo yalivyo, lakini kwa mpenda ngoma ni nafasi ya kuona vikundi vya wilaya mbalimbali mahali pamoja bila kusafiri wilaya zote hizo. Nenda siku za katikati ya wiki. Siku ya kilele viongozi huwa wengi na vikundi hupewa dakika chache.

Septemba ni mwezi wa utalii Iringa. Maonesho ya Karibu Kusini hufanyika majira hayo, na Siku ya Utalii Duniani ni tarehe 27.

Tamasha la Utamaduni la Kitaifa litarudi lini kwetu?

Tamasha hilo huhama mkoa hadi mkoa. Sisi tulibahatika mara mbili mfululizo: Njombe mwaka 2023, Songea mwaka 2024. Lilipokuwa kwetu tulijifunza jambo moja la kutusaidia mbele ya safari: kila mkoa hupeleka vikundi vyake, kwa hiyo hata likiwa mbali, mazoezi na michujo hufanyika hapa nyumbani, na michujo hiyo ni tamu kuitazama. Ulizia kwa afisa utamaduni.

Kuna siku ya Mkwawa?

Watu huniuliza kuhusu tarehe tatu za Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwapiga Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akafa. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijiua ili asikamatwe akiwa hai. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani na gavana wa Kiingereza, Edward Twining, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuagiza lirudishwe.

Usisubiri sherehe. Fuvu liko kwenye makumbusho ya Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, na unaweza kwenda siku ya kawaida. Nenda siku ya kawaida hasa. Ukiwa mwenyewe au na mtu mmoja, mtunza makumbusho ana muda wa kukusimulia, na masimulizi hayo ya ana kwa ana hayamo kwenye maandishi ya ukutani.

## Ngoma

Nitaona ngoma zipi?

Zaidi ya ninazoweza kuziorodhesha, na kila kabila litakwambia yake ndiyo kubwa. Nitakutajia ambazo wageni hawazitegemei. Mwambao wa Ziwa Nyasa kuna mganda, ngoma ya wanaume wanaovaa nadhifu na kucheza kwa mistari kama gwaride. Si bahati mbaya: mganda umetokana na beni, na beni iliiga bendi za askari wa kikoloni. Pembeni ya goma kubwa utasikia vibuyu vilivyofunikwa utando ambavyo mtu huvipigia sauti yake mwenyewe, vikatoka kama tarumbeta. Kioda ni ya wanawake wa mwambao huohuo, ya taratibu zaidi, na nyimbo zake husema mambo ya kijiji waziwazi. Songea kuna lizombe ya Wangoni, na hiyo ardhi huitikia.

Kwaya nazo naziweka hapa. Wamisionari wa Moravian na wa shirika la misioni la Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na nyimbo walizoleta zimechanganyika na sauti za kwetu mpaka hazitenganishiki. Anayekuja Tukuyu kutafuta ngoma za asili peke yake na kupita kanisani bila kusikiliza amekosa nusu ya muziki wa Rungwe.

Kwa nini ngoma haianzi saa iliyotangazwa?

Wakati mwingine ni mgeni rasmi hajafika, na hilo sina la kulitetea. Lakini sababu nyingine watu wengi hawaijui, nami naomba muijue.

Ngoma ya ngozi hulegea kwa unyevu na baridi. Asubuhi ya Juni pale Njombe, ukungu ukiwa bado umekaa chini, ukiipiga inatoa sauti ya gunia la mahindi. Mpigaji huwasha moto wa nyasi kavu au mabua nyuma ya uwanja. Huinamisha ngoma, uso ukiuelekea moto lakini mbali na ulimi wake, huizungusha polepole, huitoa, huigonga kwa kidole cha kati karibu na ukingo, husikiliza, hurudisha. Kila ngoma ina sauti yake inayotakiwa na lazima zikubaliane. Akiharakisha ngozi hupasuka, na ngozi ikipasuka asubuhi ya tamasha hakuna duka la kununua nyingine. Nimemwona mzee mmoja akifanya hivyo kwa muda wa saa nzima huku mshereheshaji akimwita kwenye kipaza sauti, na mzee hakuinua hata kichwa.

Kwa hiyo tangazo likisema saa nne asubuhi, fika saa nne, kisha usikae kitini. Nenda nyuma ulipo moto. Ukiwa na heshima watakuacha utazame.

Naweza kuingia uwanjani kucheza?

Ngoma nyingi za furaha zinaruhusu, tena mgeni akiingia vigelegele huongezeka. Subiri uitwe au uvutwe mkono, ingia mwisho wa mstari, fuata miguu ya aliye mbele yako. Ngoma zinazohusu mazishi, matambiko au jando na unyago si za kuingia, na baadhi si za kutazama. Huna hakika? Muulize mama yeyote mtu mzima aliyekaa karibu nawe. Salamu kwanza: Uheheni ukisema "kamwene" kwa mtu mzima huku ukiinamisha kichwa kidogo, na Unyakyusa ukimaliza kwa "ndaga", umefunguliwa mlango.

Kutunza kunafanywaje, na ni lazima?

Si lazima, lakini ni ustaarabu wa ngoma. Unasogea kwa mdundo, unampa mchezaji noti mkononi au unaiweka kwenye chombo kilichowekwa mbele ya wapigaji, unarudi ulikotoka. Usitupe pesa chini. Usimbandike mchezaji wa kike noti mwilini. Wengine hulifanya hilo kumbini, na wachezaji wengi hawalipendi.

Nasisitiza kutunza kwa sababu nimeona kinachotokea kukikosekana. Mwaka fulani kikundi cha kina mama kiliamka usiku wa manane kijijini kwao, kikacheza mara nne kwa wageni tofauti kuanzia asubuhi, na jioni mwandaaji akawapa soda moja moja na nauli ya kurudi. Hakuna aliyepanga kuwaonea, bajeti ilikuwa imeishia kwenye mahema na chakula cha wageni. Lakini mama aliyekuwa akiongoza nyimbo alinionesha miguu yake, nyayo zimepasuka kwa kucheza kwenye changarawe, akaniuliza kama na yule mwenye mahema amelipwa soda. Tangu siku hiyo swali la kwanza ninalomuuliza kila mwandaaji ni wasanii wanalipwa nini.

Ninaruhusiwa kupiga picha?

Uwanja wa wazi, ndiyo, kwa simu yako na kwa kumbukumbu yako. Ukitaka picha ya mtu mmoja uso kwa uso, omba. Ukitaka kuitumia kibiashara au kuirusha kwenye chaneli inayokuingizia pesa, zungumza na kiongozi wa kikundi kabla ya ngoma kuanza na mkubaliane malipo. Ndani ya makumbusho sheria ni ya makumbusho, uliza mlangoni.

## Vitabu na mashairi

Kuna matukio ya fasihi huku, au ni ngoma tu?

Yapo, ila hayana kelele. Iringa ina bahati ya vyuo: Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, na RUCU, chuo kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha. Wanafunzi wa Kiswahili na fasihi huandaa jioni za mashairi, maigizo na mijadala ya vitabu, hasa muhula ukiwa umekolea na mitihani ikiwa mbali. Mbeya nako ni hivyohivyo. Maktaba za mikoa za Iringa na Mbeya ni mahali pengine pa kuulizia, na mkutubi atafurahi kuulizwa kitu tofauti na vitabu vya mtihani.

Ninachokitamani, na ninakisema wazi, ni usomaji wa vitabu unaofanyika nje ya vyuo: sokoni, stendi, kwenye saluni. Msikilizaji wa fasihi si mwanafunzi peke yake. Kinyozi wangu anajua tenzi kuliko mimi.

Nina muswada. Niupeleke wapi?

Kama ni wa Kiswahili, fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza kabisa walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023. Ilianza na riwaya na ushairi, baadaye nyanja nyingine zikaongezwa. Mshindi wa kwanza wa kila nyanja hupata shilingi milioni 10, na zaidi ya pesa, kazi yake huchapwa na kupelekwa shuleni. Kwa mwandishi wa Mafinga au Vwawa ambaye hana ndugu katika kampuni ya uchapishaji, huo ni mlango wa kweli.

Soma masharti mstari kwa mstari: idadi ya maneno, kazi kuwa haijawahi kuchapishwa, tarehe ya mwisho. Kisha mpe muswada mtu asiyekuonea haya ausome kwanza. Walimu wa Kiswahili wa sekondari ni wahariri wazuri kuliko wanavyojijua.

Naandika kwa Kihehe (au Kinyakyusa, Kibena, Kikinga). Nitapata jukwaa?

Utapata, na tafadhali usiache. Mashindano ya kitaifa ni ya Kiswahili, lakini kwenye jioni za mashairi nimeshuhudia mara nyingi ukumbi ukishtuka kwa furaha mtu anapoanza kwa lugha ya nyumbani. Soma kwa lugha yako, halafu toa tafsiri fupi ya Kiswahili au eleza tu shairi linahusu nini. Usisome yote mara mbili, watu huchoka. Zirekodi pia tungo za nyumbani. Bibi anayejua majigambo ya ukoo wenu hatangoja tupate mfadhili.

Sijawahi kusimama mbele ya watu. Naanzaje?

Omba dakika tano, andaa za dakika nne. Chagua shairi moja. Liandike kwenye karatasi, kwa maana simu huzima kioo katikati ya ubeti. Shika maikrofoni chini ya kidevu, si mbele ya mdomo. Ukikosea, endelea, hakuna anayejua shairi lako isipokuwa wewe.

## Kutazama na kununua

Nina siku moja tu Iringa. Nione nini?

Anza Boma. Jengo lilijengwa na Wajerumani mwaka 1900 likiwa hospitali, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho na kituo cha utamaduni wa mkoa. Maonesho yake yanazungumza kuhusu watu wa hapa kwa sauti yao: chakula, vita, ndoa, mavazi. Ukitoka hapo nenda Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako mafundi ni watu wenye ulemavu. Wanafuma, wanashona, wanatengeneza vito, hata karatasi ya kinyesi cha tembo. Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi. Unaandika unachotaka au unajaribu ishara ulizofundishwa pale pale, na ukipatia "asante" ya mkono utaona tabasamu la mhudumu.

Mchana, Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya: zana za mawe za maelfu kwa maelfu ya miaka zimelala chini kama zilivyoachwa, na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Jua likipoa, panda jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea, uutazame mji wote. Michoro ya mwambani ya Igeleke iko karibu na mji, lakini hiyo iache kama huna mwenyeji wa kukuongoza.

Vikapu vya kweli nitavijuaje, na vyungu je?

Kikapu cha Iringa hufumwa kwa milulu. Kinuse: kipya kina harufu ya nyasi. Kibonyeze pembeni: kikirudi chenyewe, mfumo umekaza. Geuza uone kitako, maana fundi mvivu hujificha pale. Usipunguze bei mpaka ya aibu. Uliza kikapu kimechukua siku ngapi, kisha gawanya bei kwa siku hizo.

Vyungu vya Wakisi hutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe na Matema wilayani Kyela. Wanawake huvifinyanga, huvichoma, na kuvileta kwa mitumbwi soko la Lyulilo siku ya Jumamosi. Ukiweza, nunua pale. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kinacholia ni kizima, kinachokwaruza kina ufa. Safari ya kurudi kifunge kwenye nguo zako, siyo kwenye gazeti.

## Kufika, kulala, kuvaa

Nitafikaje?

Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Iringa, lakini mji wenyewe uko juu ya kilima. Utashuka stendi ya Igumbilo au Ipogolo, kisha unapanda daladala au bajaji. Wengi hulala usingizi wakapitilizwa, kwa hiyo mlima Kitonga ukiisha, kaa macho. Njombe na Songea unakunja Makambako. Tukuyu, Matema na Kyela unakunja Uyole. Treni ya TAZARA inafika Makambako na Mbeya, haifiki Iringa mjini. Ndege zinatua uwanja wa Songwe, ulio Mbeya, tangu mwaka 2012.

Kwa shughuli ya jioni, panga usafiri wa kurudi kabla hujaondoka. Baada ya saa nne usiku nje ya mji bajaji huadimika.

Kweli kuna baridi hivyo?

Kweli. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, Mbeya zaidi kidogo, Njombe zaidi tena. Juni na Julai jioni utahitaji sweta, koti la upepo na soksi. Makete huanguka sakitu mpaka nyasi zinakuwa nyeupe asubuhi. Mtu wa Tanga aliyekuja na kandambili na kanga moja nilimkopesha blanketi langu, na alikaa nalo mpaka mwisho wa tamasha. Kama unaleta watoto, wavalishe kofia.

## Kwa wanaoandaa

Nataka kuandaa tamasha dogo. Nianzie wapi?

Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, miezi miwili kabla. Shughuli za sanaa zinahitaji kibali, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria namba 23 ya mwaka 1984, ndilo linalosajili wasanii na kusimamia vibali. Ukipiga muziki wa watu wengine ukumbini, jambo la hakimiliki lipo chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya taifa. Polisi wajulishwe. Serikali ya mtaa ijulishwe. Jirani mwenye mgonjwa ajulishwe pia, hata kama hakuna sheria inayokulazimisha.

Kwenye bajeti, andika malipo ya wasanii mstari wa kwanza, kabla ya mahema.

Kukitokea msiba kijijini siku ya tamasha?

Unaahirisha. Usijaribu kujadiliana. Mwandaaji wa mjini huona hasara ya mafuta na jukwaa, lakini akiendelea na muziki wakati jirani wamekaa matanga, kijiji hakitamsahau. Nenda wewe mwenyewe msibani, toa rambirambi, kaa. Tarehe mpya wazee watakupa wenyewe, na siku hiyo watu watakuja zaidi.

Na mvua ikinyesha?

Kuanzia Novemba mpaka Aprili weka ukumbi wa akiba. Ngoma zikilowa hazipigiki (sababu umeisoma kwenye swali la kuchelewa), na jukwaa la mbao lenye tope huvunja miguu ya wachezaji.

Mtu wa kiti cha magurudumu atafika?

Boma na kumbi za mjini ni rahisi kuliko viwanja. Viwanjani, mwandaaji mzuri hutenga sehemu ya mbele yenye ardhi ngumu. Ukinijulisha mapema nampigia simu mwandaaji nikuulizie njia ya kuingilia na choo, kwa sababu mara nyingi choo ndicho kinachowarudisha watu nyumbani.

Kikundi chetu kiko kijijini na hakuna mwenye simu janja. Mtatutangaza?

Ndiyo, na nyinyi ndio ninaowatafuta. Mtumeni kijana yeyote anayekwenda mjini, au mpitishe ujumbe kwa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni. Nahitaji mambo matano: jina la kikundi, ngoma mnayocheza, mahali, siku na saa ya kuanza kuchezwa (siyo saa ya mgeni rasmi), na mtu wa kupokea wageni. Kama mna chombo cha kutunzia, semeni, nitaandika kwenye tangazo. Ujumbe ukinifikia Jumanne jioni, Jumatano asubuhi mmo.